Dawa ya Vidonda vya Tumbo: Jina la Maradhi, Jina la Mti na Wajibu wa Kiswahili



1.0 Utangulizi

Katika masoko na vituo vya mabasi vya Afrika Mashariki, meza ya muuza dawa za mitishamba hutambulika kwa mbali. Huwa na mafungu ya magome na mizizi, unga uliofungwa katika vifuko, chupa za maji ya rangi ya kahawia, na kibao kilichoandikwa orodha ya maradhi. Ni nadra orodha hiyo kukosa vidonda vya tumbo. Mteja husogea, hueleza tumbo linavyomchoma usiku, huuliza bei, kisha huondoka na chupa yake. Mazungumzo yote hayo hufanyika kwa Kiswahili, na mara nyingi hukamilika kwa kauli moja fupi ya muuzaji: "Hii ni dawa ya vidonda vya tumbo."

Mhadhara huu unaichunguza kauli hiyo. Swali la kama mitishamba ina nguvu ni la wanasayansi wa maabara na waganga, na majibu yao yatatajwa hapa kwa kadiri yanavyohitajika. Swali linalowahusu wanataaluma wa Kiswahili ni jingine, nalo ni hili: msemaji anapotamka "dawa ya vidonda vya tumbo", msikilizaji anaelewa nini, na anachokielewa kinamfikisha wapi? Hoja inayotetewa ni kwamba kauli hiyo inafunika mambo matatu yaliyo tofauti, yaani kutuliza maumivu, kukinga ngozi ya ndani ya tumbo isidhurike, na kuponya kidonda pamoja na kukiondoa chanzo chake. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuyatenganisha mambo hayo. Yasipotenganishwa, anayelipia ni mgonjwa.

2.0 Jina la Maradhi

Neno kidonda limetokana na donda kwa kiambishi cha udogo, lakini matumizi yake hayahusu ukubwa peke yake. Donda hutajwa panapokuwa na usugu na ubaya, kama katika donda ndugu, ambalo halisikii dawa na hula nyama ya mwili. Jeraha hutokana na kitu cha nje, kama kisu, mwiba au jiwe. Jeraha lisipotunzwa huwa kidonda, kidonda kikikaa huwa donda, na likipona huacha kovu. Kwa hiyo lugha imeshika historia nzima ya nyama iliyofunguka, tangu kuumia hadi kufunga.

Kwa kipimo hicho, aliyefasiri jina la maradhi haya kuwa vidonda hakukosea. Kinachoonekana ndani ya tumbo la mgonjwa kwa hakika ni kidonda: ngozi laini ya ndani imekatika, nyama ya chini imebaki wazi, na tindikali inayosaga chakula inaichoma. Kidonda hicho huweza kufunga na kuacha kovu. Huweza pia kuchimba hadi kufikia mshipa wa damu, au kutoboa ukuta wote wa tumbo.

Tatizo limo katika neno la pili. Tumbo kwa Kiswahili ni jina la eneo pana. Mfuko unaopokea chakula ni tumbo, matumbo yaliyo chini yake yamo tumboni, na mimba nayo ni tumbo, ndiyo maana watu huitwa ndugu wa tumbo moja. Daktari husema "mfuko wa tumbo" akitaka kulenga mahali hasa, lakini hata hapo hajamaliza, kwa kuwa sehemu kubwa ya vidonda vinavyoitwa vya tumbo haimo katika mfuko huo bali katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba.

Lugha ina majina mengine ya maumivu ya eneo hilohilo. Kiungulia ni ule mwako unaopanda kifuani na kooni. Chango hutajwa kwa maumivu ya chini ya tumbo, hasa ya wanawake na watoto. Kuna pia kuvimbiwa, kujaa gesi na msokoto. Katika miongo ya karibuni majina haya yamekuwa yakimezwa na jina moja. Mtu mwenye kiungulia husema ana vidonda vya tumbo. Mwenye kuvimbiwa husema hivyohivyo. Na jirani aliyemsikia humpa jina hilohilo kabla ya kipimo chochote.

Matokeo yake si ya kilugha tu. Kiungulia na kuvimbiwa huja na kuondoka vyenyewe. Mtu aliyekunywa maji ya magome kwa wiki mbili, akapata nafuu, atashuhudia kwa moyo safi kwamba dawa ile imemponya vidonda vya tumbo. Nafuu yake ni ya kweli, bali jina la ugonjwa alioponywa halina uthibitisho, maana kidonda hujulikana kwa hakika kwa kukitazama, na hukitazama daktari kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kooni. Ushuhuda huo, ukisharudiwa na watu ishirini, hugeuka kuwa sifa ya mti.

3.0 Chanzo cha Maradhi

Kwa muda mrefu sayansi yenyewe ilikuwa na maelezo yasiyokamilika. Mwaka 1910 daktari Karl Schwarz alisisitiza kwamba pasipo tindikali hapana kidonda. Tangu hapo tiba ililenga tindikali. Mwaka 1915 Bertram Sippy wa Marekani alieneza utaratibu wa kumnywesha mgonjwa maziwa na malai kila saa. Ushauri wa maziwa ulidumu miongo mingi, na hadi leo husikika majumbani, ingawa sasa inafahamika kwamba maziwa hutuliza kwa muda mfupi kisha huchochea tumbo kutoa tindikali zaidi.

Mageuzi yalikuja kutoka Perth, Australia. Robin Warren na Barry Marshall walichunguza bakteria wenye umbo la mzunguko waliokuwa katika ute wa tumbo la wagonjwa, na mwaka 1982 wakafaulu kuwaotesha maabara. Wengi hawakusadiki, kwa kuwa iliaminika kuwa hakuna kiumbe kinachoweza kuishi katika tindikali ile. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, akapata uvimbe wa ngozi ya ndani ya tumbo. Bakteria hao leo huitwa Helicobacter pylori. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliwaweka katika kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani ya tumbo, na mwaka 2005 Warren na Marshall walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Chanzo kikuu cha pili ni dawa za maumivu, zikiwemo aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Dawa hizi hupunguza kemikali za mwili zinazoliwezesha tumbo kutengeneza ute wake wa kujilinda. Pilipili, mawazo na kukaa na njaa, ambavyo watu huvitaja kwanza, huweza kuzidisha maumivu, lakini si vyanzo vikuu.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba takriban asilimia 70 ya watu barani Afrika wana bakteria hao. Wengi wao hawapati kidonda kamwe. Hata hivyo, kwa yule aliyepata, tiba inayotumika ni dawa ya kupunguza tindikali pamoja na viuavijasumu viwili au zaidi, mara nyingi kwa siku 14. Bakteria wakiondoka, kwa kawaida kidonda hufunga na hakirudi. Wakibaki, mgonjwa huweza kupoa leo na kuugua tena baada ya miezi.

Jina la Kiswahili hutaja mahali pa ugonjwa wala halitaji chanzo. Elimu ya chanzo ilipobadilika, jina lilibaki vilevile, na mabadiliko hayo hayakumfikia msemaji wa kawaida.

4.0 Upana wa Neno Dawa

Neno dawa, lililotoka katika Kiarabu, ni miongoni mwa maneno mapana zaidi ya Kiswahili. Dawa ya malaria huua vimelea. Dawa ya mbu huua mbu. Dawa ya meno husafisha meno, na dawa ya viatu huving'arisha. Dawa ya moto ni moto, na dawa ya deni ni kulipa. Katika mifano hii yote, kiunganishi "ya" hakielezi dawa inakifanya nini kile kinachotajwa baada yake: inakiua, inakisafisha, inakilinda au inakimaliza? Msikilizaji hujaza mwenyewe kwa kuwa anavijua viatu na anawajua mbu.

Kwa vidonda vya tumbo hana namna ya kujaza, kwa sababu kidonda hakionekani. Mwenye kidonda cha mguu huona kama dawa imekausha usaha au imepunguza uchungu tu. Mwenye kidonda cha tumbo hana shahidi mwingine ila maumivu yake, na maumivu ni shahidi dhaifu. Kidonda huweza kunyamaza kikiwa kingali wazi. Wapo wagonjwa, hasa wazee na wanaotumia dawa za maumivu kila siku, ambao ishara yao ya kwanza ni kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami.

Hata hivyo Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi. Kutuliza ni kupunguza maumivu. Kukinga ni kuzuia madhara kabla hayajafika. Kuganga ni kuunga na kutibu kilichoharibika, na ndiko kulikotoka mganga na uganga. Kuponya ni kufikisha mwisho wa ugonjwa. Kung'oa ni kuondoa pamoja na mzizi. Muuzaji akilazimika kuchagua kimojawapo kati ya vitenzi hivi badala ya kujificha nyuma ya "dawa ya", mazungumzo ya sokoni yatabadilika.

5.0 Jina la Mti

Ugumu wa pili ni wa majina ya mimea. Mfano ulio karibu ni mwarobaini. Mti huu, Azadirachta indica, asili yake ni Bara Hindi, nao ulizoea upesi hali ya hewa ya pwani. Jina lake linatokana na imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Ni jina lililobeba sifa badala ya umbo, na jina la namna hiyo huweza kusafiri hadi kwa mti mwingine unaofanana. Mwarobaini una ndugu yake, Melia azedarach, uliopandwa mijini kwa kivuli na mapambo. Anayejua hutofautisha kwa majani: jani la mwarobaini limegawanyika mara moja, na la ndugu yake limegawanyika mara mbili. Asiyejua huona miti miwili ya namna moja. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa matunda ya Melia azedarach yana sumu.

Hata mti ukiwa ndio, swali la sehemu lingalipo. Mwaka 2004 watafiti wa Kolkata, India, walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wachache dawa iliyotolewa katika gome la mwarobaini kwa maji na kukaushwa, miligramu 30 hadi 60 mara mbili kwa siku kwa wiki 10. Tindikali ilipungua na vidonda vya utumbo mwembamba vilikaribia kupona kabisa. Ulikuwa utafiti mdogo, unaohitaji kurudiwa kwa wagonjwa wengi. Lakini wengi wanaokunywa mwarobaini huku Afrika Mashariki huchemsha majani. Gome lililopimwa India halithibitishi majani yanayochemshwa Tanga, na mafuta ya mbegu za mti huohuo yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Mfano wa pili ni mshubiri. Wasemaji wote wanaujua msemo "chungu kama shubiri". Shubiri hasa ni ule utomvu wa manjano unaotiririka chini ya ganda la jani, ukikaushwa huwa mweusi, na kazi yake ni kuharisha. Ndani zaidi ya jani hilohilo umo ute mweupe usio mchungu, nao ndio unaosifiwa kwa kutuliza tumbo. Mtu akiambiwa "kunywa mshubiri", jina la mti halimwambii kama anywe ute au shubiri, na anayekosea huharisha wakati tumbo lake limekwisha dhoofika.

Wanaleksikografia wa zamani walilitambua jambo hili. Padri Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo na kukusanya mimea pamoja na maneno, alitia katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939 majina mengi ya mimea ya pwani pamoja na majina yake ya kisayansi. Kwa mtumiaji wa kamusi za Kiswahili za baadaye, fasili kama "aina ya mti ambao mizizi yake ni dawa" ni jambo la kawaida. Fasili hiyo ni sahihi kisarufi, lakini haimwezeshi mtu yeyote kuutambua mti huo wala kujua mzizi wake ni dawa kwa njia gani.

6.0 Ushahidi wa Maabara na Mipaka Yake

Tanzania ilianza mapema kuyatazama mambo haya kitaalamu. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Utafiti mmoja uliotoka Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2012 unafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu unaonyesha wazi nini kinathibitishwa na nini hakithibitishwi.

Watafiti walichukua mchanganyiko wa mimea mitano unaotumiwa katika tiba ya jadi kwa vidonda vya tumbo: sehemu za juu ya ardhi za Rhynchosia recinosa, pamoja na magome ya Ozoroa insignis, Maytenus senegalensis, Entada abyssinica na Lannea schimperi. Dawa ilitolewa katika mimea hiyo kwa kutumia alkoholi, ikachanganywa, kisha wakanyweshwa panya wa maabara kwa vipimo vya miligramu 100, 200, 400 na 800 kwa kila kilo ya uzito. Baadaye panya hao walipewa mchanganyiko wa alkoholi na asidi ya hidrokloriki, ambao kwa kawaida huchoma na kuchubua ngozi ya ndani ya tumbo. Kundi jingine lilipewa pantoprazoli, dawa ya hospitali, ili iwe kipimo cha kulinganishia.

Kadiri kipimo kilivyoongezwa ndivyo kinga ilivyoongezeka, hadi kufikia wastani wa asilimia 81.7. Pantoprazoli ilikinga kwa asilimia 87.5. Dhidi ya aina nne za bakteria zilizojaribiwa, nguvu ya dawa hizo ilikuwa dhaifu hadi ya wastani. Katika upimaji wa sumu, mchanganyiko wa mimea yote mitano, na minne kati yake kila mmoja peke yake, ilivumiliwa na panya wadogo hadi miligramu 5000 kwa kilo. Ozoroa insignis peke yake ilidhuru kuanzia zaidi ya miligramu 1000.

Matokeo haya ni ya heshima kwa waganga waliouhifadhi mchanganyiko huo. Hayakupatikana kwa bahati, na yanabatilisha dharau ya wale wanaodhani kwamba mitishamba yote ni ushirikina. Lakini yanapaswa kusomwa kwa maneno yake hasa. Kilichopimwa ni kukinga: dawa ilitangulia, madhara yakafuata. Haikupimwa kama dawa inafunga kidonda kilichokwisha kuwepo, wala kama inawaondoa Helicobacter pylori katika tumbo la binadamu. Vipimo navyo ni vya panya. Miligramu 800 kwa kilo, zikizidishwa tu kwa mtu wa kilo 60, ni gramu 48 za dawa iliyokaushwa, na hesabu ya kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu si ya kuzidisha tu. Pantoprazoli yenyewe walipewa panya miligramu 40 kwa kila kilo, wakati kidonge cha mtu mzima mara nyingi huwa na miligramu 40 kwa jumla. Na somo la Ozoroa insignis ni kwamba mganga aliyeichanganya mimea mitano alifanya jambo tofauti na muuzaji anayeuza mmoja wa hiyo mitano peke yake.

Mifano mingine inaelekea hukohuko. Ndizi mbichi za kupika zilizokaushwa na kusagwa, za jamii ya mkono wa tembo na mzuzu, ziliripotiwa mwaka 1984 kuwakinga panya na vidonda vinavyosababishwa na aspirini. Juisi ya kabichi, inayotajwa sana majumbani siku hizi, ilipata sifa mwaka 1949 pale Garnett Cheney wa California alipowapa wagonjwa 13 wakapona haraka. Walikuwa wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganishia. Habasoda, ambayo kwa Waislamu wengi wa pwani ina heshima inayotokana na hadithi ya Mtume, ilijaribiwa mwaka 2010 kwa watu wenye Helicobacter pylori. Gramu 2 kwa siku pamoja na omeprazoli ziliwaondoa bakteria kwa asilimia 66.7 ya wagonjwa, wakati tiba ya kawaida ya hospitali iliwaondoa kwa asilimia 82.6. Cha kuzingatia ni kwamba gramu 1 na gramu 3 zote zilifanya vibaya kuliko gramu 2. Kuongeza dawa hakukuongeza uponyaji.

Mfano wa mwisho ni mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irq as-sus, Glycyrrhiza glabra. Katika miaka ya 1940 daktari wa Uholanzi, F. E. Revers, aliona unawapa nafuu wagonjwa wa vidonda, na pia aliona baadhi yao wakivimba. Katika miaka ya 1960 Uingereza ilipata kutoka katika mzizi huo dawa iitwayo kabenoksoloni, iliyoponya vidonda kwa hakika kabla ya dawa za sasa kugunduliwa. Lakini ilihifadhi chumvi mwilini, ikapandisha shinikizo la damu na kupunguza potasiamu, ikaachwa zilipopatikana dawa salama zaidi. Mmea huweza kuwa dawa ya kweli na bado ukadhuru, tena kwa nguvu ileile inayoponya.

7.0 Wajibu wa Kiswahili

Kutokana na hayo, kazi tatu zinakikabili Kiswahili na wataalamu wake.

Kazi ya kwanza ni ya msamiati wa maradhi. Majina kama kiungulia, kuvimbiwa na chango yana thamani ya kitabibu, na hayafai kuachwa yafe chini ya jina moja la vidonda vya tumbo. Mwalimu wa afya anayemfundisha mgonjwa kusema "napata kiungulia baada ya kula" au "tumbo linanichoma nikiwa na njaa, nikila linapoa" amempa daktari habari nyingi kuliko jina la ugonjwa alilosikia sokoni. Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2003 iliweka msingi wa istilahi kutoka Kiingereza. Kinachosubiriwa ni kazi ya upande wa pili, inayoanzia katika vinywa vya wasemaji na kueleza kila jina la maumivu lina maana gani, wapi, na kwa nani.

Kazi ya pili ni ya majina ya mimea. Kila jina linaloandikwa liandamane na mahali lilipokusanywa, lugha au lahaja yake, jina la kisayansi lililothibitishwa kwa sampuli iliyokaushwa, sehemu inayotumika, namna ya kuitayarisha, na kipimo. Gome na jani visitajwe kama kitu kimoja. Kuchemsha na kuloweka visitajwe kama tendo moja. Mganga mzoefu huyajua mambo haya yote, na mara nyingi huyatunza kwa mafumbo na masharti: uchume asubuhi, usikate upande wa magharibi, usichanganye na chuma. Baadhi ya masharti hayo yana sababu inayoweza kupimwa, na mengine yana maana ya imani. Mwanaisimu anayeyaandika yote bila kuchuja mapema huwaachia wanasayansi na wanaethnografia kitu cha kufanyia kazi. Mganga akifariki kabla ya kuandikwa, mti utabaki porini, lakini jina na kipimo vitakuwa vimekwenda naye. Na pale maarifa yake yanapoandikwa, jina lake na haki yake visipotee ndani ya makala iliyochapishwa kwa lugha asiyoisoma.

Kazi ya tatu ni ya vitenzi, nayo ndiyo ya haraka zaidi. Matangazo, vibandiko na maelezo ya dawa za asili yanapoandikwa kwa Kiswahili, yaseme dawa inatuliza, inakinga au inaponya, na yaseme imethibitishwa kwa nani: kwa panya, kwa wagonjwa wachache, au kwa wengi. Kauli kama "imekinga matumbo ya panya yasichubuliwe na alkoholi" si ya kuvutia sokoni, bali ni ya kweli, nayo haimzuii mtu kwenda kupima. Kauli "dawa ya vidonda vya tumbo" humzuia, kwa kuwa humwambia kwamba safari imekwisha.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Mtu mwenye umri mkubwa anayepungua uzito, anayeshiba upesi, anayetapika damu au kupata choo cheusi, anaweza kuwa na kidonda kinachovuja au saratani. Maji ya magome yakimtuliza kwa miezi sita, utulivu huo utakuwa umemnyima miezi sita ya tiba. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi. Mti ulifanya kazi yake ya kutuliza, na neno dawa likachukuliwa kuwa limeahidi kuponya. Mficha ugonjwa, kilio humuumbua. Na mara nyingine anayeuficha ni lugha isiyopambanua.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba katika kauli "dawa ya vidonda vya tumbo" kila sehemu inahitaji kuulizwa. Vidonda vinaweza kuwa kiungulia. Tumbo linaweza kuwa utumbo. Mti unaweza kuwa ndugu yake. Gome linaweza kuwa jani. Na dawa inaweza kuwa kinga ambayo bado haijapimwa kwa mtu. Maabara imethibitisha kwamba baadhi ya mimea ya Afrika Mashariki ina nguvu ya kweli ya kuikinga ngozi ya tumbo. Ushahidi huo unastahili lugha iliyo sahihi kama ulivyo wenyewe, isiyoupunguza wala kuuzidisha.

Wahenga walisema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo huchukuliwa kuwa ni ya kusameheana, lakini maneno yake ni ya uganga: ndwele ni ugonjwa, na yajayo ndiyo yanayotakiwa kugangwa kabla hayajafika. Mchango wa taaluma ya Kiswahili katika jambo hili ni kuhakikisha kwamba mgonjwa anapoambiwa atatulizwa, atakingwa au ataponywa, ameelewa ni lipi kati ya hayo aliloahidiwa, na anajua ni wakati gani wa kuiacha chupa na kwenda kupima.